Kijito Nambari Kumi na Saba

Kwenye ramani ya ofisi ya maji, Oviedo,
Nareda hauna jina. Una nambari, kumi na saba,
na mstari mwembamba kama unywele ulioanguka karatasini,
ambao mtu angeweza kuupuliza.

Telvina aliucheka ule mstari.
"Hapa," akasema, akaweka kidole kilichopinda,
"hapa mama alifua mashuka Jumatatu alfajiri
kabla king'ora cha mgodi hakijalia.
Kikishalia, maji yalikuja meusi,
na shuka lililochelewa lilirudi nyumbani mjane."

Baba yake, Selmo, alisimama majini hadi magotini,
Januari, na chekecheo la waya,
akivua makaa kama wengine wavuavyo samaki:
nusu gunia, siku njema gunia zima,
vumbi ambalo mgodi ulilitupa
na mto ukakataa kulimeza.
Jiko lao liliwaka kwa hisani ya uchafu.
Telvina halisemi hilo kwa majivuno wala kwa aibu.

Mgodi ulipofungwa
wanaume walikaa baa miaka miwili
wasijue mikono waiweke wapi.
Mto nao ulikaa.
Mwaka wa tatu yakaonekana mawe.
Mwaka wa tisa mumewe alimwita dirishani,
povu la kunyolea bado shavu moja:
ndege mdogo, kifua cheupe,
alikuwa akitembea chini ya maji
kama mhasibu anayekagua sakafu.

Halafu akaja Iyán, kijana wa ofisi, na mpango wake:
bomba la saruji, mita mia mbili na arobaini,
na juu yake maegesho ya magari thelathini na moja.
"Ni kijito tu, bibi," alisema kwa upole.
"Mto wenyewe uko kule chini."

Mto wenyewe.

Telvina akavaa viatu vyake vya mpira.

Hakumhubiria. Hakumtajia kibaba wala haba.
Walishuka kati ya mitofaa, Agosti, jua la kuumiza kisogo,
hadi pale maji mawili yanapokutana.
Mto mkubwa ulikuwa umepungua,
vuguvugu kama maji ya kuoshea vyombo.
"Vua soksi. Mguu mmoja kule. Mwingine huku."
Iyán akaweka, akashtuka, akauondoa wa kulia,
akaurudisha taratibu.
Ndipo akawaona trauti, kumi na wawili, labda zaidi,
wamejipanga ndani ya uzi ule wa baridi,
pua mbele, bila kusukumana,
kama abiria wanaogawana kivuli cha nguzo moja.
Hatua mbili pembeni, maji mapana, na hakuna kitu.

"Haya," akasema Telvina, "niambie mwenyewe ni upi."

Sisi tunauita tawimto,
kana kwamba mto mkubwa ndio shina.
Lakini tawi hulishwa,
na huu hulisha.
Basi ni mzizi,
mzizi uliochoka kukaa gizani
ukaamua kutembea juu ya ardhi,
kupita nyuma ya nyumba za watu,
kuchukua baridi ya mlima
na kuipeleka, kiganja kwa kiganja,
kwa wasioujua mlima.

Usiku ule alilala dirisha wazi,
mto chini ya kichwa, mto chini ya dirisha,
asijue ni upi uliokuwa ukimbembeleza.

Barua ilifika Novemba. Mradi umeahirishwa.
Haikusema umefutwa; Telvina aliisoma mara mbili kuhakikisha.
Nyuma yake palibanwa ramani mpya,
na jina, kwa herufi ndogo: *Naredo*.
Akatafuta kalamu kwenye droo ya visu.
Akarekebisha herufi ya mwisho.
Kisha akaona ile kona ya pale pa kufulia
wameinyoosha.

Akaipinda tena.